Msaidizi wa akili unde katika idara ya usimamizi: tathmini ya mtumiaji

Huduma ninayoitathmini hapa ni msaidizi wa mazungumzo wa akili unde, wa aina ile inayolipiwa kila mwezi, ambaye idara yetu ya usimamizi wa biashara ilimlipia kwa ajili ya wahadhiri na wanafunzi wa shahada ya uzamili. Sitaitaja kampuni inayomuuza, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanazihusu huduma zote za jamii hii, ambazo nyingi hutoza karibu dola 20 za Marekani kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: chombo hiki kinastahili bei yake mikononi mwa mtu awezaye kulikataa jibu lake kwa sababu anazozijua mwenyewe, na kinamdhuru yule anayekiendea ili kimwamulie.

Ushahidi ulionifikisha kwenye msimamo huo ulipatikana karibu na nyumbani. Nicholas Otis, Rembrand Koning na wenzao walifanya jaribio nchini Kenya kwa wafanyabiashara wadogo 640, ambapo baadhi yao walipewa mshauri wa biashara anayeendeshwa na GPT-4, modeli ya akili unde ya kampuni ya OpenAI, na kupatikana kwa WhatsApp, na wengine wakapewa mwongozo wa kawaida wa mafunzo ya biashara. Ukichukua wastani wa wote, mshauri huyo hakuonekana kuleta tofauti yoyote. Lakini wastani huo ulificha makundi mawili yaliyokwenda njia tofauti: waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa asilimia 15 hadi 20, kutegemea toleo la makala unalolisoma, ilhali waliokuwa wakiyumba waliporomoka zaidi, kwa asilimia 8 hadi 10. Watafiti walipoyasoma mazungumzo yenyewe waliona dalili kwamba makundi yote mawili yalimtumia mshauri, ila wenye biashara dhaifu walimpelekea matatizo magumu zaidi. Matokeo hayo yalinigusa sana, kwa sababu wale walioumia ndio hasa ambao miradi ya maendeleo hutaka kuwapelekea teknolojia ya namna hii, kwa nia njema kabisa na mara nyingi bila mtu wa kukaa nao.

Wapo watakaonijibu kwa utafiti wa Erik Brynjolfsson na wenzake, waliowachunguza wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 na kukuta kwamba wageni wa kazi ndio walionufaika zaidi, tija yao ikiongezeka kwa asilimia 34. Siupingi utafiti huo, lakini naona unaeleza kazi ya namna nyingine. Mhudumu wa wateja huulizwa jambo ambalo wenzake wamekwisha kulijibu mara nyingi, na chombo humkopesha uzoefu wao. Mwenye genge au duka la dawa anayeuliza kama afungue tawi la pili anauliza jambo ambalo jibu lake linategemea mtaa wake, madeni yake na wateja wake, na hakuna mwenzake aliyekwisha kulijibu mahali popote. Washauri wa Boston Consulting Group, kampuni kubwa ya ushauri wa biashara, ambao hakuna atakayesema ni wageni wa kazi, walionyesha jambo hilohilo katika jaribio la mwaka 2023 lililohusisha watu 758: katika kazi ambazo chombo kinazimudu walimaliza haraka kwa asilimia 25 na kwa ubora zaidi, lakini katika kazi moja iliyochaguliwa makusudi kuwa nje ya uwezo wake, waliokitumia walipungukiwa kwa pointi 19 za asilimia katika uwezekano wa kupata jibu sahihi.

Mimi mwenyewe nimekitumia katika uamuzi wa kweli, kwenye bodi ya SACCOS ninayoishauri, ilipotaka kujua kama ni salama kumruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake badala ya mara mbili. Jibu lililotoka lilikuwa limepangwa vizuri, lenye vichwa vya habari na lugha ya kiofisi, na lilitaja viwango vya mtaji na ukwasi kwa uhakika mkubwa. Viwango hivyo vilikuwa vya Kenya. Vilichukuliwa kutoka kwenye mfumo wa SASRA, mamlaka inayosimamia vyama hivi ng'ambo ya mpaka, ilhali SACCOS za Tanzania hupewa leseni na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kosa lilionekana mara moja kwa sababu mezani palikuwa na mhasibu anayezijua kanuni zetu. Kwenye bodi isiyo na mtu kama huyo, karatasi ile ingepitishwa jinsi ilivyo, tena kwa sifa.

Hata hivyo, katika kazi hiyohiyo chombo kilitoa msaada ambao sikuutarajia. Tulipoacha kukiuliza tufanye nini na kukitaka kiorodheshe maswali ambayo bodi haijayauliza, kilituuliza ni sehemu gani ya marejesho inayotegemea mwajiri mmoja, na hali itakuwaje mwajiri huyo akichelewesha makato ya mishahara kwa miezi miwili mfululizo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, na ndilo lililokuja kuutawala mjadala wote. Tangu hapo naamini kwamba nafasi yake halali katika maamuzi ni kuwa muulizaji, akae kabla ya mjadala na atoke unapoanza. Mwenyekiti wetu, mzee mwenye busara nyingi, aliweka utaratibu ambao ningependa kuuona kwenye kila bodi: hakuna mjumbe anayeruhusiwa kutoa hoja kwa kusema kwamba mashine imesema, bali kila mmoja alete sababu anazoweza kuzitetea kwa jina lake. Pia majina ya wakopaji na hesabu zao hayaingizwi humo kamwe, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalipa uzito ambao ofisi nyingi bado hazijauzoea.

Kwa upande wa utafiti, tathmini yangu ni ya kusifu kwa masharti. Kusafisha maandishi ya mahojiano, kutafuta mahali hoja fulani iliporudiwa katika mamia ya kurasa na kuandaa rasimu ya dodoso ni kazi zilizokuwa zikimla mwanafunzi wa uzamili wiki nzima, na sasa anazimaliza kwa siku moja akiwa na nguvu ya kufikiri. Marejeo ni jambo jingine. Chombo kimewahi kutuletea makala zenye waandishi wanaofahamika na majarida yaliyopo kweli, lakini makala zenyewe hazikuwahi kuandikwa; matoleo yanayotafuta kwenye intaneti yamepunguza tatizo hilo bila kulimaliza, kwa hiyo kila rejeo hufunguliwa na kusomwa na binadamu kabla halijaingia kwenye tasnifu. Linalonitia wasiwasi zaidi ni uainishaji wa majibu ya wahojiwa. Mfanyakazi aliyesema kwamba wao hawana neno, mkubwa akishaamua ameamua, aliwekwa na chombo kwenye kundi la walioridhika na uongozi. Mtafiti aliyekuwepo, aliyeiona sura ya msemaji na kujua kwamba mlango wa ofisi ulikuwa wazi, alijua kuwa huko kulikuwa kukata tamaa kulikovishwa adabu. Utafiti wa usimamizi katika nchi zetu umejaa majibu ya namna hiyo, na tukimwachia msaidizi huyu kazi ya kuyapanga tutachapisha makala nyingi zinazosema kwamba wafanyakazi wetu wana furaha. Kundi la wachapishaji la Springer Nature lilikwisha kueleza Januari 2023 kwamba programu kama hizi haziwezi kukubaliwa kuwa mwandishi wa makala, kwa kuwa haziwezi kuwajibika, na sababu hiyo inatosha pia kwa kazi ya uainishaji.

Darasani mambo yalibadilika mapema. Januari hiyohiyo ya 2023, wiki chache tu baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba 2022, Christian Terwiesch wa Wharton, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, aliipa mtihani wake wa usimamizi wa uzalishaji wa shahada ya uzamili, akakadiria kwamba ingepata alama kati ya B- na B, ingawa ilikosea hesabu nyepesi ambazo mtoto wa shule ya msingi angeziweza. Matoleo ya sasa yamekuwa bora sana kwenye hesabu, kwa hiyo kumpa mwanafunzi insha ya kuandikia nyumbani na kuisahihisha kama zamani ni kupoteza muda wa wote wawili. Sisi tunamtaka mwanafunzi awasilishe mazungumzo yake yote na chombo, akionyesha mahali alipokikatalia na kwa nini, na alama nyingi ziko kwenye kukataa huko. Kisha anahojiwa ana kwa ana. Zoezi ninalolipenda ni kukifanya chombo kiwe msambazaji mkaidi wa saruji, na wanafunzi wajadiliane nacho bei na masharti ya malipo mara nyingi kadiri wanavyotaka, bila aibu ya kushindwa mbele ya wenzao. Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza hatukitoi kabisa, kwa sababu ni mapema mno kwao kukataa jibu lililoandikwa vizuri.

Idara imeendelea kulipia huduma kwa wahadhiri na kwa wanafunzi wa uzamili walioanza kazi zao za utafiti, na imeiondoa kwa wengine. Chuo, chama cha ushirika au kampuni inayofikiria kununua ningeishauri iombe kwanza kipindi cha majaribio, ichukue maamuzi yake ya zamani ambayo matokeo yake yanajulikana, yaliyofaulu na yaliyofeli, iyaingize bila kutaja mwisho wake wala majina ya watu, na kuwapa waliokuwepo wakati ule kazi ya kuyasoma majibu. Katika bodi yetu zoezi hilo lilichukua mchana mmoja, na ndilo lililowafanya wajumbe watatu waliotaka chombo kipewe kazi ya kupitisha mikopo midogo waliondoe pendekezo lao.