Avatar iliyotafsiriwa: picha safi, Eywa kapotezwa

Nakala hii unawekewa kwenye flashi kwa buku tu, kwenye laibrari moja ya muvi Mtwara mjini. Ni ile ya kwanza ya James Cameron, ya 2009, dakika 162. Picha haina doa. Anayetaka vita na stelingi Jake akiruka na ikran, yule mnyama wa kurukia angani, ataridhika. Anayetaka kujua Na'vi, wenyeji wa dunia ya Pandora, wanaabudu nini atatoka na picha ya kombo.

Kosa kubwa: mtafsiri anamwita Eywa "mzimu wa msitu". Mtu wa Kusini akisikia mzimu anawaza mhenga wa ukoo, wa kutambikiwa kwa unga chini ya mti, ambaye akisahauliwa anadai chake. Eywa hana ukoo wala deni. Ni uhai wa Pandora nzima, uliounganika kwa mizizi ya miti, na sauti za waliokufa zimo humo. Neytiri, binti wa Na'vi, anamwambia Jake waziwazi kwamba Eywa, Mama Mkuu wao, hashiki upande wa mtu, analinda mizani ya uhai tu. Sentensi hiyo mtafsiri kairuka! Basi wanyama wanapolivamia jeshi la binadamu, mtazamaji anaona ombi la Jake limejibiwa kama ilivyotarajiwa, kumbe hata Neytiri mwenyewe anashangaa.

Tsaheylu, ule muungano na mnyama, nayo imeitwa "kumroga farasi". Hapana. Ncha ya msuko wa nywele inaungana na ya mnyama, na hisia zinapita pande zote mbili. Ikran ndiye mgumu zaidi: anayekukubali ni yule anayejaribu kukuua, na akishaungana nawe habebi mwingine maisha yake yote.

"Oel ngati kameie", yaani "nakuona", imegeuzwa "nakupenda". Kina'vi kina tse'a, kuona kwa macho, na kame, kumwona mtu hadi ndani, "nakutambua" ingetosha. Neno hilo hilo linasemwa kwa mnyama aliyewindwa: anaitwa ndugu, anashukuriwa, roho yake inakwenda kwa Eywa, mwili unabaki uwe sehemu ya watu. Hapo mtafsiri kaweka utani wa supu.

Ila Mo'at, mama yake Neytiri, kumwita "nyakanga" badala ya mganga, hapo kapatia kweli. Yeye ni tsahìk, na kazi yake ni kufasiri matakwa ya Eywa na kusimamia mila, si kuuza dawa. Na Grace, yule mwanasayansi wa binadamu, anapolazwa kwenye Mti wa Roho, mtafsiri kanyamaza, wimbo unasikika. Grace anakufa kwa sababu jeraha limemmaliza nguvu kabla hajavuka kuingia mwili wake wa umbo la Na'vi, wala si kwamba kakataliwa.

Kabla ya kulipa, omba faili la MP4 lisilozidi GB 4. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei kubwa zaidi, ndiyo maana wengine wanapewa muvi iliyokatwa vipande viwili, na TV nyingi za zamani hazisomi exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa. Uliza pia kama sauti ya asili imeachwa pembeni. Ikiwepo, kitufe cha Audio kwenye rimoti kinaibadilisha. Ikiwa zimechanganywa, sala zote za Kina'vi zimefunikwa na hakuna namna ya kuzirudisha.

Ya 2022 ipo pia, mtafsiri yule yule. Humo tulkun, wale viumbe wakubwa wa baharini, ni "nyangumi" tu, wakati kwa Metkayina, ukoo wa Na'vi wa pwani, ni ndugu wa roho.