Boti ya tanga mpaka Hydra: mama yangu hatumii karatasi!

Nianze na hili kabla hasira hazijanisahaulisha: mama yangu hatumii karatasi chooni. Hajawahi. Ana kopo lake la plastiki la kijani, limetoka naye Tanga limeviringishwa kwenye kanga, likapanda ndege mpaka Hamburg kuja kututembelea, na likapanda nasi boti pale Alimos, nje kidogo ya Athens. Kwa hiyo mtu akisimama mbele ya wanangu, akamnyooshea mama kidole kwamba ameziba choo kwa karatasi, mtu huyo hajui anachokisema.

Tulikodi boti ya tanga pamoja na nahodha wake kwa wiki moja, kiangazi kile, mimi na mume wangu, watoto watatu na mama. Wakala alitupokea vizuri, sina neno. Nahodha alitufundisha choo kabla hata ya majaketi ya kujiokolea. Mpini ukiwa huku, maji ya bahari yanaingia. Ukiugeuza kule, unapampu na uchafu unatoka. Kisha akasema lile neno ambalo nadhani manahodha wote wa huko wamelikariri: kisiingie humo kitu ambacho hukukila kwanza. Tukacheka. Karatasi inakwenda kwenye kikapu, na kwa kweli hata nchi kavu Ugiriki ni hivyohivyo, vyoo vingi vina kikapu pembeni, wanasema mabomba yao ni membamba.

Kisiwa cha Aegina tulilala usiku mmoja, watoto wakala pistachio mpaka zikawakinai. Poros sikumbuki vizuri. Mambo yaliharibikia kisiwani Hydra, tena ndipo nilipokuwa nimeanza kunogewa.

Maana Hydra, jamani! Hakuna magari. Mizigo inabebwa na punda na nyumbu, wamepangwa gatini wanasubiri masanduku ya wageni, na mmoja nilimwona kabebeshwa jokofu zima. Mama, ambaye aliwahi kwenda Lamu kwenye Maulidi, alisimama juu ya ubao wa kushukia, akavuta pumzi, akasema, "Hii Lamu, ila haina adhana." Machozi yakanilenga. Nyota tano nilishazihesabu moyoni.

Jioni ile choo kimoja kikagoma. Mpini mgumu, maji yanapanda badala ya kushuka. Bandari ya Hydra ni ndogo, boti zimebanana, nanga ya huyu imelala juu ya mnyororo wa yule, kwa hiyo nahodha alikuwa amenuna tangu tulipoingia. Lakini hasira za nanga ndiyo umletee mama yangu? Alipanda kutoka chini, mikono imelowa mpaka viwikoni, akamsemesha kwa Kiingereza cha neno moja moja, kama anasema na mtoto: karatasi, hapana, bibi. Mama amefundisha Kiingereza shule ya msingi mpaka amestaafu. Akamtazama tu. Mume wangu kimya, anatazama nyumbu. (Hilo ni la nyumbani, tutalimaliza wenyewe.)

Nikamwambia nahodha: mama hatumii karatasi, anatumia maji. Kumbe nimempa kosa la pili! Maji! Ndiyo maana tangi linaisha upesi! Akaanza hotuba: kisiwa jina lake linatokana na maji lakini maji yenyewe hakina, miaka mingi yaliletwa kwa meli. Sawa kaka, historia tumeisikia. Ila chagua moja: ama mama anaziba choo kwa karatasi, ama anamaliza maji. Mtu hachambi mara mbili.

Akaifungua pampu, akaifunga, ikavuja, akaifungua tena. Mama akanong'ona, "Kuchamba kwingi..." akaishia hapo, watoto walikuwa macho. Usiku ule sote saba, nahodha naye, tulipanga foleni choo cha mbele, au tulikwenda mkahawani kununua kahawa tusiyoitaka.

Asubuhi bomba likatapika. Magamba meupe, magumu kama chokaa, yale yanayojijenga mkojo ukikutana na maji ya chumvi siku nyingi. Nahodha mwenyewe alikiri. Na katikati ya magamba, kokwa ya zeituni. Moja. Karatasi, hata kipande, hakuna. Zeituni tulikula wote, ila aliyekuwa akizila kwa kiganja tunamjua. Sisemi ni yeye. Nasema tu kokwa ile haikuliwa kwanza.

Hakuomba radhi. Lakini jioni, na hapa ndipo ninapojikasirikia, alirudi na madumu mawili ya maji mabegani, akayatua mlangoni pa choo mbele ya mama, bila neno. Mama akamshukuru kwa Kiingereza kilichonyooka, sentensi nzima na mkato wake, jamaa akawa mwekundu mpaka masikioni. Tangu hapo kila mama akishuka, yeye ndiye wa kumshika mkono. Nikasema basi, nyota nne.

Tumerudi nyumbani, naangalia dhamana: wakala wamekata yuro 180, kuzibua choo, "matumizi mabaya". Matumizi mabaya! Kwa magamba yaliyotukuta humo! Nimewaandikia mara mbili, wamejibu mara moja, nako ni kunitakia kiangazi chema. Nyota moja hiyo, kwa wakala. Nahodha sijui, labda tatu. Mama anasema nne, lakini mama ni mwalimu, alikuwa akitoa maksi hata kwa mwandiko. Hydra yenyewe siipi kitu, msije mkajazana kule.

Na kopo la mama limebaki chooni, kile cha mbele, nyuma ya mlango. La kijani, mpini umeungua kidogo. Tunalitaka.