Siku nne peke yangu kwenye banda la kisiwani, Bunyonyi (na jibu langu kuhusu Mars)

Hii safari ilianzia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye foleni ya malori. Taniboi wangu, yaani utingo, alikuwa anaangalia video ya watu wanaojizoesha kwenda kuishi kwenye sayari ya Mars, akaniuliza, "Mkubwa, ukiambiwa uende ukae huko peke yako, chakula kipo, kila kitu kipo, utakubali?" Nikamjibu papo hapo, naenda. Miaka 14 niko barabarani, Mombasa, Kampala, Katuna, rudi tena, usiku mwingi mimi na usukani tu, sasa upweke utanifanya nini mtu kama mimi. Madereva wawili wakashuka kwenye gari zao wakaja kubisha, mimi nikashikilia hapohapo. Mwezi uliopita nikapata likizo ya wiki moja, nikasema kabla ya kuongea sana hebu nijaribu hapa duniani kwanza, nikalipia banda lililo peke yake kwenye kisiwa kidogo Ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, siku nne, hakuna mpishi, hakuna mlinzi, hakuna jirani.

Jina la mahali nimeliacha kwa sababu kuna jambo nalilalamikia na mwenyewe nimeshamwambia, nampa nafasi arekebishe.

Kufika ni rahisi. Ukishuka basi Kabale mjini unachukua boda, ni kama kilomita 8 hivi za kupanda kilima halafu kuteremka, ukifika ziwani mtumbwi unakungoja. Banda nililipa shilingi za Uganda elfu 120 kwa usiku, mtumbwi kwenda na kurudi elfu 30, na kila asubuhi mzee wa mtumbwi anakuletea maziwa, mkaa na maji ya kunywa, hiyo imo ndani ya bei. Beba sweta na soksi nzito jamani. Ziwa liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mimi nimezoea joto la Mombasa, usiku wa kwanza nililala na koti.

Banda lenyewe safi sana, sina neno. Ukuta wa mbao, paa la nyasi, kitanda kigumu kizuri, neti haina tundu hata moja, choo cha nje kimewekewa majivu na hakinuki. Mbele kuna ubao wa kukaa, miguu yako inakaribia maji. Hakuna mamba, hakuna kiboko, unaoga ziwani bila wasiwasi. Jina la Bunyonyi wanasema maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na ni kweli, saa kumi na mbili asubuhi wanaanza wote kwa pamoja huwezi kulala tena. Nilipika viazi vya Kabale na maharage, siku ya pili mzee akaniletea kamba wa ziwani kwenye ndoo, nikawakaanga na kitunguu na nyanya, sijala kitu kitamu vile mwaka huu.

Lalamiko langu sasa. Waliniahidi kuna simu ya upepo ya dharura ndani ya banda, ukipatwa na jambo unaita ng'ambo. Ipo, imetundikwa ukutani, betri imekufa. Na sola inazima saa tatu usiku kwa hiyo hata kuichaji huwezi. Mtandao wa simu unashika sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya banda, na usiku jiwe linateleza kwa umande. Mtu akiumwa tumbo saa nane usiku atafanya nini? Hili si jambo dogo, mahali pa mtu mmoja ndipo panapotaka redio nzima kuliko mahali pengine pote.

Siku ya kwanza na ya pili nilifurahi kwelikweli, nisiwafiche. Hakuna honi, hakuna karani wa kupiga kila saa "umefika wapi". Jioni ya pili anga lilikuwa safi, nikakaa kwenye ule ubao naangalia nyota nikasema hawa watu wa Mars wana akili. Maana nilishasoma kidogo habari zake. Siku ya Mars inakaribia yetu, saa 24 na dakika kama 40, kwa hiyo usingizi haukuharibikii sana. Uzito wako unabaki zaidi kidogo ya theluthi. Machweo yake ni ya bluu, eti jua likizama anga kando yake inakuwa bluu badala ya nyekundu, hiyo peke yake natamani kuiona. Baridi ya huko wastani ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri na hewa karibu yote ni kaboni dayoksaidi, hutoki nje bila suti, lakini hata mimi kwenye kabini ya lori natoka mara ngapi?

Siku ya tatu ndiyo iliyonibadilisha.

Huyu mzee wa mtumbwi alikuwa askari zamani, Kiswahili chake ni kile cha kambini, kimenyooka. Ana tabia moja. Hafiki kimya. Akiwa bado mbali majini, humwoni hata, unasikia "Hodi huko!" na wewe unaitika "Karibu mzee!" halafu mnasalimiana huku anapiga kasia. Umelalaje, salama, baridi je, nimeizoea, nyumbani wanasemaje, wazima, kazi je, tunashukuru Mungu. Akifika kwenye jiwe la kushukia salamu zimeisha, anakupa galoni la maziwa, anageuka anaenda zake. Dakika tano. Sikuwa nimezihesabu kama kitu.

Asubuhi ya tatu ukungu ulifunga ziwa lote, huoni mita kumi. Saa mbili hakuja. Saa tatu, saa nne, hakuna. Chakula ninacho, maji ninayo, mkaa upo, sina ninachokosa. Lakini nilisimama pale kwenye jiwe nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa ikashika utando juu, nasikiliza kasia. Ndege wakiruka majini nageuka. Saa saba kasoro nikasikia "Hodi!" na nilivyoitika sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashangaa, machozi yalikuwa yananilenga.

Hapo ndipo nikakumbuka Malaba 2020, wakati wa korona. Uganda ilisema mtu mmoja kwa gari, taniboi akabaki nyumbani, tukapangwa foleni ya kilomita na kilomita tunangoja majibu ya vipimo, watu wa mji wanatukimbia kama sisi ndio ugonjwa. Nilikaa siku tisa ndani ya kabini. Siku zote nimejisifu kwa zile siku tisa, nikisema niliziweza peke yangu. Sikuwa peke yangu! Asubuhi dereva wa mbele anapiga bodi ya mlango, "Umeamka?" namjibu, wa nyuma anadakia, salamu inatembea gari kwa gari mpaka huisikii tena.

Sasa angalia Mars. Redio inakwenda kwa kasi ya mwanga na bado, Mars ikiwa karibu neno lako linachukua kama dakika 3 kufika, ikiwa mbali kabisa upande wa pili wa jua ni dakika 22, hiyo ni kwenda tu. Salamu ya yule mzee ina vipande vinne. Nikapiga hesabu palepale kwenye ubao. Kila kipande dakika 44 kwenda na kurudi, mara nne, ni dakika 176. Karibu saa tatu nzima kujua tu kwamba mwenzako ameamka salama. Na kuna siku jua lenyewe linakaa katikati ya dunia na Mars, mawasiliano yanasimama kama wiki mbili.

Mtu ataniambia utatumiwa sauti zilizorekodiwa. Nilizisikiliza, za mke wangu, juu ya lile jiwe la mtandao. Ni tamu sana. Lakini huwezi kumkatiza, huwezi kucheka naye kwa wakati mmoja, ananiuliza umekula, nikijibu yeye ameshalala.

NASA wenyewe, shirika la anga la Marekani, waliweka watu wanne ndani ya nyumba ya majaribio kule Houston, siku 378, kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, wakawawekea na huo ucheleweshaji wa mawasiliano makusudi. Kabla yao Moscow ilifungia wanaume sita siku 520, mwaka 2010 hadi 2011. Angalia hesabu, wanne, sita. Hawakumfungia mmoja. Michael Collins, mwanaanga wa Apollo 11, mwaka 1969 alizunguka mwezi peke yake wenzake wakiwa wameshuka, akipita nyuma ya mwezi redio inakatika kama dakika 48, lakini alijua akitokea upande huu Houston wanamngoja. Namwelewa sasa.

Siku ya mwisho mzee alinipitisha karibu na Akampene, kisiwa kidogo sana, nyasi na mti mmoja mmoja tu. Zamani msichana akipata mimba kabla ya ndoa alikuwa anaachwa pale afe njaa au azame akijaribu kuogelea, labda apite mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari amchukue. Mzee aliacha kupiga kasia tukatulia. Nikamuuliza waliweza kusikika ng'ambo wakiita? Akasema, "Dereva, walisikika. Ndio ubaya wenyewe." Kisiwa kingine, Bwama, daktari mmoja Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha kituo cha wenye ukoma 1931, na mzee anasema hao hawakuwa wapweke, walikuwa na kanisa na mashamba yao. Sijaacha kuyafikiria hayo mawili, visiwa viwili kwenye ziwa moja.

Kwa hiyo taniboi wangu na wale wawili wa Malaba, mlishinda. Peke yangu siendi. Tukiwa wawili nitafikiria, hata kama huyo wa pili hatupatani, ilimradi anaitika.

Banda nalipatia nyota nne kati ya tano, ile moja nitairudisha wakibadilisha betri ya redio. Nenda siku mbili au tatu, siku nne ni nyingi kama hujazoea. Na mwambieni mwenyewe asimbadilishe yule mzee, kuna kijana mmoja ana mtumbwi wa injini, anafika haraka kuliko yeye lakini anakuja na ile ngurumo, anaweka galoni kwenye jiwe, anaondoka bila neno. Ukipanga safari omba mzee, na umwambie apige hodi akiwa bado mbali.