Chumba cha kujisomea Area C: nyota tano, hasa kwa kufunga saa nne usiku

Wanaokilalamikia chumba hiki wana neno moja: kinafungwa saa nne kamili usiku, hata kama mtihani ni kesho. Mimi namshukuru mwenye nacho kwa hilohilo. Mimi ni mhasibu, kazi yangu iko Mtumba, jioni narudi mjini kujisomea mitihani ya uhasibu ya CPA, na sehemu za kukesha hapa Dodoma nimezipitia. Watu wanasoma mpaka alfajiri, wakikaa mbele ya karatasi ya mtihani yote yameyeyuka.

Mwili una saa yake. Saa kuu imo ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Ni kifungu cha chembe za neva zipatazo 20,000, na mwanga unaoingia machoni ndio unaoirekebisha kila siku. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofumbua jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya mwili, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwetu wasomaji, la muhimu ni kwamba hata hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, inafuata majira hayo. Kwa panya imeonekana kuwa kemikali zinazofanya kumbukumbu idumu hupanda na kushuka ndani ya siku, na mzunguko huo ukivurugwa walichofundishwa hakikai. Halafu usiku, katika usingizi mzito, hipokampasi huyapitia tena ya mchana na kuyahamishia kwenye gamba la ubongo. Anayekesha anaikatiza kazi hiyo.

Sasa chumba chenyewe. Kiko ghorofani, kinafunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Meza za dirishani zinatazama mashariki, na jua la Dodoma likichomoza linakupiga usoni moja kwa moja. Ndilo linaloiweka sawa saa ya mwili. Zile hatua tano za kutambua mapato za IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, nazisoma jioni, naenda kulala, alfajiri naziandika kwenye karatasi tupu kabla sijafungua kitabu. Zinakuja zote, na mifano yake.

Dada wa mapokezi ni hazina. Saa nne kasoro robo anapita meza kwa meza: “Jamani, kalaleni, vitabu haviendi popote.” Anasema kwa upole, lakini habishiwi.

Kasoro zipo. Taa ni nyeupe na kali mpaka dakika ya mwisho, na mwanga wa namna hiyo huzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku. Nimemwomba mzee mwenye jengo aweke za njano kuanzia saa mbili, ameahidi kuangalia. Soketi hazitoshi. Upepo wa Julai unaingiza vumbi mpaka kwenye daftari. Na wauguzi wa zamu za usiku ratiba hii haiwafai kabisa. Ningependa wafikiriwe, maana saa zao za mwili zinateseka kuliko zetu.

Bei ni Sh. 1,500 kwa siku au Sh. 25,000 kwa mwezi, na chini kuna mama wa chapati na chai ya maziwa kuanzia saa kumi na mbili. Ukija, wahi dirishani; ikifika saa moja asubuhi meza zake zimeshajaa.