Kuboresha kompyuta ya AIO kwa gemu: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kompyuta za AIO (All-in-One), zile ambazo ubao, prosesa na spika vyote vimejificha nyuma ya kioo, zimejaa kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Nyingi ni Dell OptiPlex, HP EliteOne na Lenovo ThinkCentre zilizotumika maofisini kabla ya kuuzwa tena. Kioo ni kizuri na meza inabaki na nafasi, lakini ndani karibu zote hazina tundu refu la PCIe la kuchomekea kadi ya grafiki. Upungufu huo ndio uliopanga orodha hii. Kuna pesa kidogo inayoleta mabadiliko makubwa, kisha kuna ukomo, na ukiuvuka unamwaga hela.

Kwanza jua una prosesa ya kizazi gani. Namba ya Intel inajieleza: i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida inazikubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo AIO ya kizazi cha 4 au cha 6 iongezee vitu vya bei nafuu tu, hasa vile utakavyoweza kuvihamishia kwenye mashine nyingine baadaye.

1. RAM ya pili

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kuliko popote. Grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa, yaani sehemu inayochora picha, kama HD 530 au HD 630, haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM moja ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 2400 hupitisha data GB 19.2 kwa sekunde. Ukiweka mbili zinazolingana, njia zinakuwa mbili na kiwango hufika GB 38.4, na gemu linaacha kugandaganda kwa sababu grafiki haisubiri tena. Ndiyo maana RAM mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16, hata kama muuzaji anakuambia ni kitu kilekile.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia sehemu ya Performance, kisha Memory. Utaona kasi ya RAM uliyonayo na matundu mangapi yametumika. AIO nyingi hutumia RAM fupi za laptopu, SODIMM, si zile ndefu za kompyuta za kawaida. Za kizazi cha 4 huwa ni DDR3L ya volti 1.35, na DDR4 haiingii humo hata ukilazimisha, kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Kizazi cha 6 huendesha DDR4 kwa 2133, kwa hiyo usilipie zaidi ili upate 3200.

Chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, ingiza RAM ikiwa imeinama, kisha ilaze mpaka vibanio vilie. Kioo kikibaki cheusi, mara nyingi RAM haijaingia hadi mwisho. Jaribu moja moja.

Wenye iMac, AIO za Apple, wawe waangalifu. Ya inchi 27 ya miaka ya 2012 hadi 2020 ina kifuniko cha RAM nyuma. Ya inchi 21.5 ya kipindi hicho kioo chake kimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo RAM ni ngumu kuifikia, na ya inchi 24 iliyotoka 2021 RAM imeunganishwa na chipu yenyewe, haiongezeki kabisa.

2. SSD

SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, haiongezi fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Inafupisha muda wa kufungua gemu, na inapunguza ule mkwamo wa sekunde moja unapoingia mtaa mpya kwenye gemu lenye ramani kubwa. SSD ya SATA husoma karibu MB 550 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka, hata ikiwa nzima, haifiki nusu ya hapo. Nunua ya GB 480 au 500 kwenda juu, kwa sababu GTA V peke yake inataka zaidi ya GB 70.

Ya inchi 2.5 ndiyo salama zaidi kununua. Ukitaka ya M.2, ile kama kadi ndogo inayochomekwa kwenye ubao, fungua kwanza uone: tundu fupi lenye kadi ya Wi-Fi si la diski. Na SSD ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya GB 240 ni feki. Ipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuihamishia mafaili, na kama ni ya mtumba, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha imetumika saa ngapi.

3. Kusafisha na kubadilisha pesti ya prosesa

Karibu bure. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi, ndiyo maana gemu huanza vizuri kisha likazorota. Toa vumbi kwenye feni, futa kwa spiriti pesti ya zamani, ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza joto, weka mpya kiasi cha punje ya njegere.

4. Tawa ya mtumba, AIO ibaki kuwa kioo

Ukishafanya hayo na bado unataka magemu makubwa, acha kuilisha AIO. Nunua tawa ya ofisini, yaani kompyuta ya kasha lisilo na kioo, ya kizazi cha 8 au zaidi, uichomeke kadi kama GTX 1650 ya wati 75. Hakikisha haina tundu la waya wa ziada wa umeme, kwa sababu baadhi ya matoleo yanalo na pawasaplai za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Ukichukua kasha jembamba, kadi lazima iwe fupi kwa kimo, na pima unene wake pia. RAM ndefu na fupi haziingiliani, lakini SSD yako inahamia bila shida.

AIO ikiwa na tundu la HDMI lililoandikwa IN, itapokea picha kutoka kwenye tawa. Lililoandikwa OUT halipokei kitu.

5. Prosesa

Inabadilika kwenye baadhi, ila faida kwa gemu ni ndogo kwani grafiki inabaki ileile. Usiweke ya wati 65 kwenye kipoza joto cha wati 35. Usichukue ya kizazi cha 8 kwa ubao wa kizazi cha 6: matundu yanafanana, ubao hauitambui.

6. Kadi ya grafiki ya nje

Inahitaji tundu la Thunderbolt 3 au 4, lenye umbo la USB-C. USB-C ya kawaida haitoshi. Bei ya boksi tupu la kuwekea kadi, kabla ya kadi yenyewe, mara nyingi inatosha kununua tawa nzima. Adapta ya kuchomeka kwenye tundu la M.2 ni nafuu zaidi, lakini utaishi na mgongo wa kompyuta ukiwa wazi, pawasaplai ya pili pembeni, na SSD ya M.2 itakosa mahali. iMac zenye chipu za Apple hazikubali kadi ya nje.