Dodoso moja Nairobi na Dar, au kila mji na lake?

Tuseme unapima soko la unga wa mahindi. Dodoso moja kwa miji yote miwili ni rahisi: unalipa mwandishi mmoja, majibu unayapanga kwenye jedwali moja. Lakini Kiswahili kimoja si soko moja. Dar ukiuliza "unga gani?" utajibiwa sembe (uliokobolewa) au dona (usiokobolewa), na tofauti hiyo ina uzito; Nairobi wengi watakutajia jina lililo kwenye pakiti ya kilo 2. Shilingi nazo zinafanana jina tu. "Ungeongeza shilingi 100?" ni swali zito Kenya, Tanzania ni chenji ya pipi.

Madodoso mawili yanakula muda na fedha, na wateja hulalamika kwamba takwimu hazilinganishiki. Wana hoja. Mimi hubakiza maswali machache yaleyale kote, umri na mara za kununua, mengine naandika upya hukohuko mtaani.

Kuonjesha ugali? Hapo yote mawili hayatoshi. Mgeni akikuuliza usoni, utasema "mtamu tu". Angalia sahani imebaki na nini.