Lenzi ya kukuza mara 10: rubi iliyojazwa glasi inaikamata, safaya ndo mtihani

Wanaoniuliza kama lenzi ya mara 10 inatosha kununulia mawe ya vito, jibu langu ni inatosha nusu. Yangu ni ile ya vioo vitatu vilivyoungwa pamoja, picha haipindi pembeni wala haitoi rangi za uongo, na zile za bei chee zilizoandikwa mara 30 achaneni nazo, nyingi hazifiki huko.

Kwenye rubi siendi popote bila hii kitu. Rubi iliyojazwa nyufa zake kwa glasi yenye madini ya risasi haijifichi, unaibana na kibano, tochi unamulika kwa pembeni sio kwa juu, unaizungusha pole pole, mara ufa unapiga bluu, ukigeuza kidogo unapiga chungwa, na humo humo kwenye ufa unaona vipovu bapa vya hewa. Ukishaona hivyo, hata muuzaji aape vipi usinunue, labda akubali ilivyo na bei ishuke kweli kweli, maana glasi ile haiwezi moto wa sonara wala tindikali, hata ndimu inaila, mtu anapeleka pete ikapanuliwe inarudi jiwe lina michirizi myeupe.

Safaya sasa. Ikichomwa moto mkali ili rangi ipendeze, zile sindano nyembamba za ndani, wenyewe wanaziita hariri, zinakatika zinabaki nukta nukta, na vichembe vilivyokuwemo vinapasua duara bapa kuvizunguka. Sindano zikiwa nzima, ndefu, nchani kali, mimi napata moyo. Ila ile ya kuchomwa na beriliamu, elementi inayopenyezwa ndani ya jiwe kubadili rangi, iliyosumbua sana soko kuanzia 2002, hapo lenzi kwa kawaida inagonga mwamba, inabidi maabara wapige leza wapime kemia ya jiwe. Tanzanaiti msijisumbue kabisa, karibu zote zimechomwa na moto wake ni mdogo, kama nyuzi 500 hivi, hauachi alama, we hesabu imechomwa tu.

Zumaridi nyingi zina mafuta au resini (kama gundi angavu) kwenye nyufa na kwangu sio kosa, kosa ni kunyamaza. Lenzi itakuonyesha nyufa zenyewe na pengine kipovu, ila ni mafuta au resini, kidogo au mengi, hayo soma kwenye cheti cha maabara, tena nenda moja kwa moja kwenye mstari wa maoni, sio picha na uzito. Kwa miongozo ya CIBJO, shirikisho la dunia la biashara ya vito, muuzaji anatakiwa aseme kabla hujalipa, hapaswi kusubiri uulize, kwa hiyo mi namwambia aandike kwenye risiti: limechomwa, limejazwa, au halijaguswa. Akianza kuzungukazunguka kuhusu kuandika hapo hata lenzi siitoi mfukoni.

Nyota nne. Ya tano ningewapa kama skrubu ya kifuniko isingekuwa inalegea kila saa.